Mkokoteni Uliogeuza Njia

Sogeeni karibu. Mwenye kutafuna ameze, mwenye simu aizime, na wewe uliyesinzia kule nyuma mwenzio akufinye. Hadithi hii mwisho wake sinao mimi. Nitaifikisha mpaka mahali, kisha nitawaachia nyinyi, na watakaogombana wagombane kwa adabu.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Namtende. Nyumba zake nyingi zilikuwa chini, karibu kabisa na bahari, na msikiti ulikuwa huko huko chini. Shule ilikuwa juu, kilimani. Kati ya chini na juu ulipita mkondo wa maji ya chumvi. Maji yakitoka unauvuka bila kulowa magoti. Yakijaa huuvuki, hata uwe nani.

Kijijini humo walikuwapo watu watatu waliojitolea kuwaonya wenzao upepo mbaya unapokuja. Hakuna aliyewalazimisha. Walipewa mafunzo ya siku chache na vizibao vya rangi ya machungwa, na kwa sababu ya vizibao hivyo watu wakawapachika jina la wauza vocha. "Wauza vocha hao wanapita," walisema, wakacheka, wakaendelea na bao lao.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mfaume, mwadhini. Kipaji chake kilikuwa sauti. Alikuwa mzee mwembamba, lakini akishika spika ya msikiti hata walioko mashambani walinyanyua vichwa. Yeye na mkewe, Bi Tabu, hawakujaliwa mtoto, na sauti ile haikuwahi kumwita mtu "mwanangu" nyumbani kwake.

Wa pili alikuwa Dadi, mchota maji. Kipaji chake kilikuwa mabega na miguu. Alikuwa na mkokoteni mdogo wa magurudumu mawili, na kila siku alisukuma madumu ya watu kutoka kisimani hadi milangoni. Siku ya hatari kazi yake ilikuwa kushusha madumu na kupakia asiyeweza kutembea, mmoja mmoja, maana mkokoteni wenyewe haukuwa na nafasi ya wawili.

Wa tatu alikuwa Esha binti Chande. Kipaji chake kilikuwa macho na utulivu. Pale kwenye kivuko cha mkondo, upande wa kilimani, palisimikwa mti uliopakwa rangi tatu: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Esha ndiye aliyeusoma. Habari za upepo ziliingia kwenye simu yake kutoka kwa watu wa hali ya hewa, lakini hakuziamini hivi hivi. Alizipeleka kwanza kwenye mti, akatazama maji yanasema nini, ndipo akapandisha kitambaa ambacho Mzee Mfaume alikiona kutoka msikitini.

Walikuwa na sharti lao, na Esha mwenyewe ndiye aliyelipendekeza. Kila mtu akae mahali pake mpaka kazi iishe. Na maji yakipita nyekundu, havuki mtu, wala wa kwenda wala wa kurudi. Siku walipokubaliana, mama yake Esha, Bi Sihaba, alikuwa amekaa pembeni anasuka ukili. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi zamani na hakuweza kufika hata kwa jirani.

"Mimi je, nitavukaje hiyo nyekundu yenu?" aliuliza.

"Wewe utakuja na gari," Dadi alimjibu, akipiga ubao wa mkokoteni. "Abiria wa kwanza ni wewe, bibi."

Bi Sihaba alicheka mpaka ukili ukamdondoka.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Asubuhi hiyo ujumbe uliingia kwenye simu ya Esha: kimbunga kinakuja, kitafika jioni. Mbingu ilikuwa na wingu la kawaida tu. Esha alimsogezea mama yake maji ya kunywa, akamwambia, "Mama, leo inaweza kuwa kweli. Dadi atakuja kukuchukua. Wewe kaa mlangoni, usihangaike."

"Nifunge nguo?"

"Funga."

Akavaa kizibao, akaenda zake kwenye mti. Njiani alimkuta Dadi kisimani. "Mlete mama," alimwambia. Dadi akasema, "Nimesikia, dada," akaanza kushusha madumu.

Esha alipofika alikuta maji yanapanda, na ilikuwa saa ambayo yangetakiwa kuwa yanatoka. Aliyatazama. Simu ilisema jioni, mti ulisema sasa hivi. Mwingine angesubiri, asije akachekwa, maana mwaka juzi waliwapandisha watu kilimani, upepo usije, na kijiji kizima kikarudi na mafua na matusi. Esha hakusubiri. Alipandisha kitambaa chekundu, akakipunga mpaka akaona kofia nyeupe ya Mzee Mfaume inatingishika kule msikitini kumjibu.

Mzee Mfaume akashika spika. Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo wote watatu hawakuliwaza katika mikutano yao yote. Pale Namtende, spika ya msikiti ikisikika nje ya saa za swala, maana yake ni moja tu: kuna msiba. Watu hawangoji hata maneno. Ikikwaruza tu, wanawake wanajitanda kanga, wanaume wanatafuta kofia, na wote wanateremka msikitini wakiulizana, "Nani?"

Basi Mzee Mfaume alipiga kelele, "Pandeni kilimani!" na kijiji kizima kikateremka baharini. Walikuja na mikeka ya kukalia. Mmoja alikuja na sufuria ya matanga.

"Nani jamani?"

"Hakuna aliyekufa!" alisema Mzee Mfaume. "Pandeni juu, bahari inakuja!"

"Sasa kama hakuna aliyekufa, umetuitia nini?"

Lakini wakati wanabishana, maji yaliingia pale wanapotawadhia. Waliyaona kwa macho yao, yakizunguka makata na kandambili. Hapo hakuna aliyeuliza tena. Na kwa kuwa kosa lilikuwa limewakusanya wote mahali pamoja, haikuhitajika kupita nyumba kwa nyumba. Walijipanga njiani na mikeka yao vichwani.

Mwanamke mmoja akamshika Mzee Mfaume mkono. "Rukia tumemwacha ndani. Ameshikwa na uchungu. Mumewe yuko Mtwara kwenye korosho, na sisi tulidhani tunakuja mara moja kutoa pole."

Mzee Mfaume akarudi kwenye spika, maji yakiwa yameshamfika vifundoni. Alisema kwa sauti yake yote, "Rukia yuko peke yake na ana uchungu. Aliye karibu amfuate. Rukia yuko peke yake." Alirudia mpaka betri ikakata, kisha akawafuata wenzake.

Dadi, akiwa ameshamaliza kushusha madumu, alikuwa njia panda. Kushoto, nyuma ya minazi, ilikuwa nyumba ya Bi Sihaba. Kulia ilikuwa ya Rukia. Mkokoteni ulikuwa umeshaelekea kushoto, aliposikia spika. Alisimama. Baadaye alisema hakumbuki kama alifikiri. Anachokumbuka ni kwamba kishikio kilikuwa kimelowa na mkono ukawa unateleza. Aligeuza mkokoteni kulia.

Esha hakuyajua hayo. Yeye alikuwa kwenye mti. Watu walifika, akawavusha makundi makundi, wenye watoto kwanza, akiwashika viwiko, akiwaonyesha pa kukanyaga. Maji yalikuwa kwenye njano. Mzee Mfaume alivuka na kipaza sauti cha msikiti amekifunga ndani ya kofia yake. Jirani wa Bi Sihaba naye akavuka.

"Mama yako nilimpitia," alisema jirani. "Amekaa mlangoni na furushi lake. Nikamwambia bibi shika bega langu tujikongoje. Akaniambia, 'Nendeni nyie, mimi gari langu linakuja. Esha ameshasema.'"

"Sawa," alisema Esha, akamshika mtoto mwingine.

Upepo ulipoanza kupiga kwelikweli, watu wote walikuwa wameshavuka isipokuwa mkokoteni. Kisha ukatokea. Dadi alikuwa ameinama mbele, anausukuma ndani ya maji, na juu yake palikuwa na mtu amejikunja chini ya turubai. Esha aliingia mkondoni mpaka kiunoni, akashika ubao, akavuta. Turubai likapeperuka. Alikuwa Rukia.

"Mama yuko wapi?"

"Nitamrudia, dada. Nitamrudia sasa hivi."

Esha alitazama mti. Njano ilikuwa imebaki kidogo sana. "Basi kimbia," alisema.

Dadi alipanda kilima na mkokoteni wake mbio, akamkabidhi Rukia kwa wanawake kwenye darasa la shule, akashuka tena, mkokoteni ukirukaruka nyuma yake kwenye mawe. Alipofika kivukoni hakusimama. Alikuwa ameshatia mguu majini aliposikia Esha anasema, "Usivuke."

"Esha, ni mama yako."

"Najua ni mama yangu. Maji yamepita nyekundu."

"Mimi ninaogelea."

"Dadi. Yamepita."

Walisimama pale wote wawili. Ng'ambo hakukuonekana kitu isipokuwa minazi inalala na kuinuka. Dadi alikuwa analia waziwazi. Esha alikuwa anautazama mti, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, mpaka mti wenyewe ukafunikwa na hakukuwa na rangi ya kutazama. Ndipo akasema, "Twende juu."

Kule juu, chini ya ubao wa kuandikia, Rukia alijifungua mtoto wa kike. Watu walipiga vigelegele juu ya kelele za mabati. Esha alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika, na mtu akamwambia, "Umeona? Wote tumepona." Akaitikia, "Ndiyo."

Bi Sihaba alipatikana upepo ulipotulia. Furushi lilikuwa bado limefungwa.

Mzee Mfaume akarekebisha spika ili kutangaza maziko yake. Alisema jina lake, akasema jina la baba yake, akasema saa ya kuzika. Na watu wa Namtende, waliposikia spika inakwaruza nje ya saa za swala, walibeba watoto wao wakakimbilia kilimani. Kijiji kikabaki kitupu. Aliyezikwa siku hiyo alizikwa na Mzee Mfaume, na Dadi, na wanaume wachache waliokuwa wanafukua nyumba zao. Esha alisimama nyuma yao na kanga ya kuazima. Wengine walikuja baadaye, wakihema, wameona haya, hawajui waanze kusema nini.

"Tusamehe, Esha. Tulidhani ni upepo."

"Si kitu," alisema. Naye alimaanisha hivyo hasa. Aliutafuta uchungu ndani yake asiuone. Alikula alipopewa chakula. Alilala alipotandikiwa. Alirudi kwenye mti, akaupaka rangi upya, kijani, njano, nyekundu, na nyekundu akaipaka kama zile nyingine.

Watu walianza kumwogopa kidogo. Bi Tabu, mke wa mwadhini, alimwendea akamuuliza, "Una kinyongo na Dadi?"

"Sina."

"Na mume wangu je?"

"Sina."

"Mbona hulii, mwanangu?"

"Nitalia nikipata nafasi," alisema Esha, akaendelea kuosha brashi.

Lililomsumbua lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa dogo. Alijaribu kumwita mama yake kimoyomoyo, kama alivyozoea kumwita akifika mlangoni, na jina halikuja. Alilijua, lakini halikuja. Hakuna aliyelitamka tena pale kijijini. Wote walimwonea huruma, wakalikwepa.

Sasa Namtende wana desturi yao. Mtoto aliyezaliwa siku ya balaa hapewi jina mpaka arobaini yake. Kabla ya hapo wanamwita Mgeni tu. Siku ya arobaini anachaguliwa somo wake, mtu ambaye bila yeye mtoto asingekuwapo. Mama humlaza mtoto mapajani mwa somo huyo mbele ya watu wote, na somo humpa jina kutoka nyumbani kwake, la mtu aliye hai au aliyekufa. Tangu hapo mtoto ana nyumba mbili. Somo ndiye humnyoa, ndiye humfunda akikua, ndiye huitwa kwanza siku ya harusi yake. Na somo ni mmoja. Wakongwe walishajaribu wawili, wakaona watu wanavyovutana mtoto, wakasema hapana.

Arobaini ilipofika, uani kwa Rukia palitandikwa mkeka mmoja, wakakalishwa watu watatu. Mzee Mfaume kulia, Dadi katikati, Esha kushoto. Mama mkwe wake Rukia, Bi Mosi, ndiye aliyesimamia.

"Waliomleta mjukuu wangu ni hawa," alisema. "Semeni, somo wake awe nani?"

Upande mmoja ukasema, "Ni Mzee Mfaume. Mkokoteni ulikuwa unakwenda kushoto. Kilichougeuza ni sauti yake. Maji yamemfika miguuni na bado anamtaja Rukia. Bila yeye, nani angejua kuna mtu mle ndani? Na nyumba yake haina mtoto. Mpeni."

Mzee Mfaume aliinamisha kichwa. "Sikujua mkokoteni unamfuata nani," alisema. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. "Ningejua, sijui kama ningenyamaza. Namwomba Mungu asiniulize. Lakini mkiniuliza nyinyi kama ninamtaka mtoto, ninamtaka. Mke wangu ameshafua kanga ya kumpokelea."

Upande wa pili ukasema, "Ni Dadi. Sauti haibebi mtu. Rukia hakuja kilimani juu ya spika, alikuja juu ya mkokoteni, na mabega yaliyousukuma ni haya. Tena alirudi majini kumfuata mwingine. Mpeni."

Dadi hakuinua macho. "Mimi msinihesabu," alisema. "Abiria wangu wa kwanza alikuwa mwingine. Nilimwahidi."

"Kwani ungemwacha Rukia?" mtu alimuuliza.

"Nisingemwacha."

"Basi?"

"Basi msinihesabu tu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa mkeka, na kila mara mtoto alipolia aliugeukia mlio ule kabla hajajizuia. Yeye ndiye aliyemchotea Rukia maji arobaini yote, na Mgeni alikuwa ameshaijua sauti ya magurudumu yake.

Upande wa tatu ukasema, "Ni Esha. Simu ilisema jioni. Angeifuata simu, spika ingelia tukiwa chini ya maji, na mkokoteni ungeelea. Alisimama kwenye mti mpaka mwisho na mama yake yuko ng'ambo. Akamzuia Dadi asife bure. Mtoto huyu alipanda mkokoteni wa Bi Sihaba. Mpeni Esha."

Jina lilipotajwa uani, aliyelitaja aliziba mdomo.

"Hapana," mmoja alipinga, "mtoto si fidia. Tukimpa kwa sababu ya marehemu, tutakuwa tunamwambia mtoto kila siku kwamba yeye amekalia nafasi ya mtu. Atakua na mzigo huo mpaka lini?"

"Na tusipompa?" alijibiwa. "Tutapita mlangoni kwake tunaangalia chini mpaka lini?"

Wakapandishiana. Kila mmoja alikuwa na haki, ndiyo maana hawakuweza kumaliza. Bi Mosi akawanyamazisha, akamgeukia Esha. "Mwanangu, wenzako wamesema. Wewe unasemaje? Unamtaka?"

Esha alitaka kusema "Sawa," au "Si kitu," maneno aliyoyazoea. Alifungua kinywa, na badala yake likatoka jina. "Sihaba," alisema. Alilisema taratibu, akaonekana kushangaa kulisikia. Akalisema tena. Halafu machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa hakuwa na hakika kama ni yake.

Bi Mosi akamwashiria Rukia.

Rukia akanyanyuka. Mtoto alikuwa amefunikwa kanga mpya, mguu mmoja umetoka nje. Alitembea mpaka mbele ya mkeka, akasimama. Kulia aliona mapaja ya mzee aliyemwita kwa jina alipokuwa peke yake. Katikati, mapaja ya mtu aliyembeba. Kushoto, mapaja ya mwanamke aliyejua mapema kuliko wote, na aliyebaki bila mama.

Esha alitazama chini, akaona kanga yake imeshatandazwa mapajani, imenyooshwa vizuri, na hakukumbuka aliitandaza saa ngapi. Dadi pia aliiona. Mzee Mfaume pia.

Rukia akainama na mtoto.

Mimi naishia hapo, na nyumbani kwenu mtafika mkiwa bado mnabishana. Lakini kabla hujaondoka, nijibu wewe uliyefinywa. Mikono ile ingekuwa yako, na watatu wale wanakutazama, mtoto ungemlaza mapajani mwa nani?